Mkaza Mwana Anaila Kadi Yangu

Bi Khawla, asalaam alaykum. Nakuandikia nimejifungia chumbani na simu nimeiweka chini ya mto, maana siku hizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe hata simu naificha, na nakuomba uniongoze kabla sijafanya jambo ambalo likishafanyika halirudi. Nakusikiliza redioni kila Ijumaa, na ulivyomjibu yule bwana wa Sur aliyetaka kuwanyima dada zake urithi nilisema huyu ndo mtu, huyu hamuonei mtu haya. Basi nami usinionee haya, ingawa ukishasoma utaona mwenyewe haki iko upande gani.

Niite Mama Fahd. Nakaa Wattaya, mume wangu Mungu amrehemu, nna mtoto mwanamme, huyo Fahd, anafanya kazi ya mafuta huko jangwani, anakwenda na kurudi kwa zamu, na nna mtoto wa kike, Noof, ambaye alhamdulillahi posa yake imekubaliwa na wakwe wanakuja rasmi mwezi ujao. Fahd ameoa, mkewe anaitwa Rahaf, wazee wake wanakaa Qurum, ni Waomani kama sisi lakini wao wametoka bara, Bujumbura huko, Kiswahili chao kingine na mapishi yao mengine, na miye sina ubaguzi, wallahi sina, ila uji wa Ramadhani huyu Rahaf anautia siagi na miye nimenyamaza miaka yote hii.

Sasa sikiliza. Kwa ajili ya hao wakwe nilitaka makochi mapya ya majlisi, chumba cha kupokelea wageni, na jirani yangu Kheiria akanielekeza duka moja la Ruwi ambalo na yeye ndiko alikonunua yake, na kwa kuwa Fahd yuko kazini nikapelekwa na Rahaf kwa gari. Tulipoingia nilikuwa namwambia Rahaf kwamba kitambaa kile cha kahawia kitaonyesha vumbi, mwenye duka akatusikia, akainuka kwenye kiti chake akaja anacheka, kumbe watu wetu, karibuni, karibuni, akaniuliza miye wa nani, nikamwambia, akaniuliza kwetu Unguja mtaa gani, nikamwambia, na hapo Bi Khawla ndo pakafunguka milango, maana bibi yake na bibi yangu walikaa Malindi mlango kwa mlango wakipelekeana futari. Anaitwa Msellem, mtu mzima, mwenye adabu zake. Ikaletwa kahawa, ikaletwa halwa, bei akaiteremsha bila ya kuombwa, tukakubaliana nimwandikie cheki za miezi ya mbele kama tunavyofanya sote hapa, kwa gari, kwa kodi ya nyumba, kwa kila kitu.

Nikaandika cheki zangu, nikatia sahihi. Akaniambia sasa zigeuze, nyuma ya kila moja niandike namba ya kadi yangu ya benki, na tarehe ya mwisho, na zile tarakimu tatu za mgongoni mwa kadi. Akanieleza kwa upole kabisa kwamba huo ndo utaratibu wa duka lake kwa watu wa nyumbani, kwa sababu cheki ikirudi kwa kukosa pesa mambo yanakwenda polisi, na yeye hapendi kumpeleka polisi mtu ambaye bibi zetu walikula sahani moja, basi kadi ndo inabaki dhamana ya kuficha aibu. Nikaona maneno ya mtu mstaarabu hayo. Mara yule mkaza mwana, mbele ya mwenye duka, kipande cha halwa bado kiko mkononi mwake, ananiambia, "Mama, basi hapo. Cheki inajitosha, haitaki kadi."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu amekukarimu, amekuteremshia bei, amekutajia bibi yako kwa jina, halafu unamwambia machoni kwamba wewe mwizi? Bwana Msellem wa watu akainamisha uso, akasema kama hamniamini basi, si neno. Nikamwambia Rahaf anyamaze, nikaandika kila kitu, nyuma ya kila cheki, kwa mwandiko wangu mzuri, ili ajue kwamba si sote tuliolelewa vile.

Tulipotoka, ndani ya gari, akarudia. Ati tukitaka turudi tumwombe afute, ati zile tatu za mgongoni hapewi mtu, mtu akishakuwa na namba, na tarehe, na hizo tatu, hana haja ya kadi yenyewe, anakaa kwao ananunua atakacho. Bi Khawla, hapo nikamtazama vizuri. Kwa sababu nijuavyo miye, anayeijua njia ya mwizi ni nani? Mtu safi anajuaje yote hayo? Tokea siku ile nikamtia jichoni.

Na sikukosea. Makochi yameletwa, hayajamaliza hata kutoka harufu ya dukani, simu ikaanza kulia ujumbe wa benki. Kwanza vitu vidogo, vya bei ya glasi ya juisi, kwenye maduka ya kwenye mtandao ambayo hata majina yake siwezi kuyasoma. Halafu mchezo wa simu. Halafu viatu. Halafu, naapa, tiketi ya ndege ya mtu ambaye simjui wala sijui anakwenda wapi. Na benki siku zote ukinunua kitu kwenye simu wanakuletea namba ya siri ya kuthibitisha, na miye namba hiyo sikuletewa hata mara moja. Kwa hivyo iko wazi, kuna mtu anaishika simu yangu, anaisoma ile namba, anaifuta. Nani anayeishika simu yangu? Rahaf, yeye ndo ananifundisha kuitumia. Nani anajua mkoba wangu unakaa wapi? Rahaf. Nani anayeletewa vifurushi mlangoni kila kukicha? Rahaf. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nimeishona miye kwa mahari niliyoyatoa.

Nikaanza kupeleleza. Mkoba wake niliupekua akiwa anaoga, sikukuta kitu, jambo ambalo lilinizidishia shaka maana mtu asiye na la kuficha mkoba wake haukosi fujo. Kikaja kifurushi chake, nikakipokea miye, nikakifungua. Ndani mna abaya mpya, imetariziwa mikononi, nzuri kweli, na saizi ni yangu, na kikaratasi cha kusema ni ya kuvaa siku ya wakwe wa Noof. Umeona? Ananihonga kwa pesa zangu mwenyewe. Nikaifunga tena nikaiweka pahala pake.

Utaniuliza mbona sikuifunga kadi. Noof naye amenisumbua na hilo kila siku, mama piga simu benki, mama piga simu benki. Lakini nikiifunga kadi, Bi Khawla, huyu mtu nitamkamata vipi? Nimeiacha wazi makusudi. Aendelee, siku moja atajisahau.

Ijumaa moja wageni wangu walikuwepo, dada zangu na watoto wao, tumekaa kwenye sinia la pilau, nikasema tu, sikumtaja mtu, nikasema siku hizi ndani ya nyumba hii kuna mkono mrefu. Nikawa namtazama. Watu wote wakageuka kumtazama. Rahaf akaacha kula, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ulipokuwa unaandika nilikwambia." Akaenda kunawa, akambeba binti yake Fajr, akachukua funguo za gari akaenda zake Qurum kwao. Hakusema kwaheri. Dada zangu wakasema mtu asiye na kosa hakimbii, angekaa ajitetee.

Na ili ujue huyu mtu alivyo hana haya, tokea amekwenda Qurum kadi bado inaliwa, na sasa ndo inaliwa kwa fujo. Huko huko aliko. Jirani yangu Kheiria ananiambia niwe imara, kwa sababu na yeye yalimkuta mambo haya haya mwaka jana baada tu ya kupamba majlisi yake, kadi ikaliwa hivi hivi, na yeye hakungoja, alimrudisha kwao yule mtumishi wake wa ndani siku ya pili yake.

Fahd anarudi Alkhamisi. Kwenye simu ananijibu tu naam mama, naam mama, lakini najua anazungumza na mkewe kila usiku. Nimeshakata shauri kumwambia amwache, maana leo kadi, kesho dhahabu za Noof. Moyo unanizuia kwa ajili ya Fajr tu, na kwa ajili ya wakwe wanaokuja, watauliza mke wa mtoto wako yuko wapi, nitajibu nini? Nipe maneno ya kumwambia mwanangu. Na kama unajua njia ya kumkamata huyu msichana kwa ushahidi kabla ya Alkhamisi, nifundishe, na Mungu atakulipa.

Miye Mama Fahd, Wattaya.

*

Wa alaykumu salaam, Mama Fahd.

Toa hiyo simu chini ya mto, piga benki, funga kadi. Usisome mstari mwingine kabla hujafanya hivyo. Mimi nitangoja.

Umefunga? Haya sasa tuzungumze, na umesema nisikuonee haya, basi sikuonei.

Barua yako nimeisoma, nikairudia, na kila nilipofika kwenye lile duka la Ruwi nikasimama. Bibi wee, umeandika kwa mkono wako, kwa mwandiko wako mzuri, namba ya kadi, na tarehe, na tarakimu tatu za mgongoni, tena nyuma ya kila cheki, ukampa mtu ambaye ulimjua kwa muda wa kikombe cha kahawa. Kisha pesa zilipoanza kutoka, ukapekua mkoba wa mkaza mwanao. Umeutafuta ufunguo uvunguni na mlango umeuacha wazi wewe mwenyewe.

Nikuulize. Bwana Msellem alisema kadi ni dhamana ya cheki. Cheki ikirudi, ile namba ingemsaidia nini? Kanuni za kadi hazimruhusu muuzaji kuitoza kadi pesa ya cheki iliyorudi. Ndiyo maana ziko nchi zilizokataza kwa sheria muuzaji asiandike namba ya kadi ya mtu anayelipa kwa cheki, wala asikatae cheki yake kwa sababu hiyo. Atazame kitambulisho, aandike jina lako na simu yako, aridhike au akuombe taslimu, basi. Kwa hapa kwetu neno la sheria usilichukue kwangu mimi wa redioni, waulize benki yako, kisha nenda ofisi ya wanaolinda wanunuzi uwaeleze. Lakini akili haingoji ofisi kufunguliwa. Mtu akikuomba kitu ambacho hakimfai kwa kazi aliyoisema, jiulize kinamfaa kwa kazi gani.

Na ile namba ya siri ambayo hukuletewa, hakuna aliyeifuta. Yako maduka ya mbali huko kwenye mtandao hayaulizi namba ya siri, yanaridhika na hayo hayo uliyoyaandika nyuma ya cheki. Rahaf alikwambia haya ndani ya gari, wazi wazi, na wewe ukasema anajuaje njia ya mwizi. Daktari naye anajua sumu, Mama Fahd, na ukiumwa unakwenda kwake.

Sasa nakukataza jambo. Usitoke hapo ukaenda kumwita Msellem mwizi. Kama dhana haikuwa halali kwa Rahaf, kwa Msellem nayo si halali. Cheki inakaa kwenye droo, droo ina wafanyakazi, cheki inakwenda benki, inapita mikono ambayo wewe na yeye hamuijui, na kila mkono una macho. Huenda mzee wa watu hajui kitu zaidi ya ada mbaya aliyojizoesha. Lakini sikufichi kwamba shaka ninayo. Umeniambia kwa kupitia tu, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, kwamba Kheiria alinunua duka hilo hilo na kadi yake ikaliwa vile vile. Muulize kama naye aligeuza cheki akaandika. Akisema ndiyo, nendeni pamoja kwa wanaohusika, muwaachie wao kazi ya kushuku, wamesomea. Na mwambie Kheiria kwamba yule mtumishi wake ana jina na ana kwao, na amerudi kwao na sifa ya wizi. Amtafute. Hilo ni deni lake, na nitamwambia mwenyewe akitaka kuniandikia.

Nije kwako. Umefungua kifurushi cha mtu, ukakuta zawadi yako, ukaiita ushahidi. Umekuta mkoba msafi, ukauita ushahidi. Msichana amehama nyumba na kadi ikaendelea kuliwa, na hilo nalo umeliita ushahidi. Hebu niambie, Rahaf angefanya nini hata uone kwamba hana kosa? Na kadi umeiacha wazi kama kichwa cha samaki cha kutegea paka, umekaa mlangoni unamngoja mkaza mwanao, na paka wa mtaa mzima wanapita dirishani wanakula. Mtoto wako Noof amekwambia upige simu, hukumsikia. Rahaf alikwambia uache kalamu, hukumsikia. Unamsikia nani wewe? Unamsikia anayemtaja bibi yako.

Na hapa nakuonea huruma, kwa sababu najua. Sisi watu tuliotoka kule, tukisikia Kiswahili chetu kwenye duka la watu tunalegea. Tukitajiwa mtaa, tukitajiwa futari, tunaona kukataa ni kutukana. Hata mimi ningeona haya. Lakini haya ya mbele ya mtu wa dukani umeilipa kwa heshima ya mtu wa nyumbani mwako, na huyo wa nyumbani kosa lake ni kuwa bibi yake hakukaa Malindi. Usiniambie huna ubaguzi. Siagi ndani ya uji imekukaa rohoni miaka yote hiyo, ilikuwa inangoja sababu tu. Mola ametwambia tujiepushe na dhana nyingi, maana nyingine ni dhambi, na wewe ulikwenda kuisema yako juu ya sinia la pilau mbele ya dada zako.

Unaniomba maneno ya kumwambia Fahd amwache mkewe. Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Umwambie Fahd nini? Mwache mwanamke pekee aliyesimama kuilinda kadi ya mama yako?

Utafanya hivi. Leo, si kesho, utakwenda Qurum. Usimtume Noof, usitume dada zako, usipige simu kwanza, na usibebe halwa, maana halwa imeshakufanyia madhara ya kutosha. Nenda mikono mitupu. Mbele ya mama yake na baba yake umwambie, "Nimekosa, mwanangu, wewe ulinionya na mimi nikakusingizia." Ulimsema mbele ya watu, basi na radhi uiombe mbele ya watu. Akilia, nyamaza. Akikataa kurudi siku hiyo, usimlazimishe, uwe na adabu ukae na Fajr kidogo, kisha urudi zako peke yako ukaonje jinsi nyumba inavyokuwa kubwa. Fahd akifika Alkhamisi umweleze mwenyewe kwa kinywa chako, hata kama mkewe ameshamweleza. Na ile abaya usiiguse mpaka akupe kwa mkono wake. Akikupa, uivae siku ya wakwe, na watakapouliza nani kakununulia, utaje jina.

Limebaki duka. Zile cheki za miezi ya mbele bado ziko kwenye droo ya Ruwi na namba zako mgongoni. Kadi umeifunga, lakini karatasi zile si za kuachwa zizagae. Nenda ukamwambie Msellem, kwa upole ule ule alioutumia yeye, kwamba unataka kumbadilishia, atoe zake za zamani na wewe utoe mpya, mkono kwa mkono, mbele safi na nyuma safi. Atakuletea kahawa, kunywa. Atamtaja bibi yako, mwombee rehema. Akisema huo ndo utaratibu wa duka, mwambie kwamba wewe unafuata utaratibu wa benki, na ofisi ya wanunuzi unaijua iliko.

Usiende peke yako. Rahaf akikubali, nenda naye, akae ubavuni mwako wakati unaandika. Na safari hii akikwambia, "Mama, basi hapo," uweke kalamu chini.

Bi Khawla.